Daktari, nikatwe kidole au nipigwe mionzi?

Mwezi huu safu hii ina barua tatu, na zote zinahusu saratani ya ngozi iliyoota kwenye kidole. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake amewekewa mbele njia zote kwa wakati mmoja na kila mshauri anamvuta upande wake.

SWALI LA KWANZA

Daktari, salaam. Mimi ni mama wa miaka 52, fundi cherehani hapa Morogoro. Miaka mitatu iliyopita niliota kitu kama chunjua pembeni mwa kucha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Duka la dawa walinipa dawa ya kuunguza chunjua. Kikapungua, kisha kikarudi. Zahanati walisema ni mdudu wa kidole, wakanipa vidonge vya kukausha. Kwingine waliniambia ni fangasi, nikameza dawa miezi minne. Kucha ikaanza kunyanyuka na kutoa majimaji yenye harufu. Mwaka huu daktari wa ngozi alikata kinyama akakipeleka maabara, na majibu yakasema ni saratani ya ngozi ya seli bapa, "iliyokomaa vizuri, iliyopenya ngozi ya ndani". Eksirei inaonyesha mfupa ni mzima.

Daktari wa upasuaji wa kwanza anataka kukata kidole kwenye kiungo cha mwisho karibu na ncha. Wa pili anasema ataondoa kucha na ngozi yote inayoizunguka, kisha apandikize ngozi nyingine. Wa tatu ananishauri niende Dar es Salaam nikapigwe mionzi kwa wiki zipatazo sita, bila kisu. Shemeji yangu anaonya kwamba saratani ikiguswa na kisu huamka ikasambaa, na amenitafutia mtu mwenye dawa ya kupaka "inayoila". Nina ugonjwa wa sukari na natumia vidonge. Kidole hicho ndicho kinachonilisha. Nichague lipi?
Mama fundi, Morogoro

JIBU

Mama fundi, pole kwa miaka mitatu ya kuzungushwa. Nianze na jambo ambalo huenda hakuna aliyepata nafasi ya kukuambia kwa utulivu. Kwa mahali ilipo na kwa maneno ya maabara uliyoyanukuu, saratani uliyoandikiwa ni miongoni mwa zile zinazotibika. Saratani ya seli bapa inayoanzia pembeni mwa kucha hukua polepole, mara nyingi kwa miaka, na ni nadra kuhamia kwenye tezi au kwenye viungo vya mbali. Hatari yake kubwa ni kwenda chini, kwa sababu nyama iliyo chini ya kucha ni nyembamba sana, milimita chache tu, na baada yake ni mfupa. Ndiyo maana eksirei yako ni habari njema kuliko ulivyoipokea. Na huko kudhaniwa kuwa una chunjua, mdudu wa kidole au fangasi si mkosi wako peke yako. Hata katika nchi zenye madaktari wa ngozi wengi, ugonjwa huu hujulikana baada ya miaka ya dawa zisizouhusu.

Maneno mawili katika majibu yako yanafaa kueleweka kabla ya kuchagua chochote. "Iliyokomaa vizuri" maana yake ni kwamba seli hizo, ingawa ni za saratani, bado zinafanana na seli za kawaida za ngozi, na saratani ya namna hiyo huwa na ukali mdogo. "Iliyopenya ngozi ya ndani" maana yake ni kwamba imevuka tabaka la juu na kuingia kwenye tabaka la pili. Neno hili la pili ndilo linalofunga mlango wa dawa za kupaka, hata zile za hospitalini. Zipo krimu nzuri, kama fluorourasili na imikwimodi, ambazo huua seli za saratani zilizobaki katika tabaka la juu peke yake, hali ambayo madaktari huiita ugonjwa wa Bowen kwa jina la daktari wa ngozi wa Boston aliyeieleza mwaka 1912. Kama majibu yako yangekuwa hayo, tungeweza kuzungumza habari ya krimu, ingawa hata hapo kucha huzuia dawa isifike inapotakiwa. Kwako wewe imekwisha kupita hapo. Kugandisha kwa baridi kali na kuunguza kwa umeme navyo uviweke kando kwa sababu hiyohiyo: havifiki chini vya kutosha, na havibakizi kipande cha nyama cha kupeleka maabara.

Kabla sijaingia kwenye njia tatu ulizopewa, kuna mambo ya kukamilisha ambayo hukuyataja. Omba daktari akupapase kwapani na upande wa ndani wa kiwiko cha mkono huo kutafuta tezi zilizovimba. Ni kazi ya dakika mbili na haigharimu kitu. Omba kipimo cha VVU kama hujapima karibuni, kwa maana kinga ikiwa imeshuka saratani hii huwa na kasi zaidi na daktari atataka kukata kwa upana mkubwa zaidi. Waulize maabara kama waliona saratani ikifuata neva, yaani mishipa ya fahamu. Jingine litakushangaza kidogo: nyingi ya saratani za pembeni mwa kucha zimekutwa na kirusi cha papiloma aina ya 16, kilekile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo, mama, ukiwa hospitalini kwa ajili ya kidole, fanya na kipimo cha mlango wa kizazi.

Sasa twende kwenye kisu, maana shemeji yako amesema maneno ambayo nusu ya wagonjwa huja nayo. Imani kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa haikutoka hewani. Watu wetu wengi wamefika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, wakafanyiwa upasuaji, wakafariki baada ya muda mfupi, na kisu kikabeba lawama kwa kuwa ndicho kilichofika mwisho. Saratani ya seli bapa haisambai kwa sababu daktari amekata kinyama cha kupima, wala kwa sababu ameiondoa. Husambaa kwa kuachwa.

Hiyo "dawa inayoila" nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1930 daktari wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, jina lake Frederic Mohs, alikuwa akipaka saratani za ngozi uji mzito wenye kloridi ya zinki, kemikali inayoua na kukausha nyama, sawa kabisa na kazi ya dawa anayokusifia shemeji. Tofauti ni kwamba Mohs alikata tabaka lililokaushwa na kulipeleka chini ya hadubini, akatazama ukingo wake wote, akachora ramani ya mahali seli zilipobaki, kisha akarudi kupaka na kukata pale tu, hadi pasibaki kitu. Baadaye wapasuaji waliutupa ule uji wakakata nyama mbichi, na matibabu yakawa bora vilevile, kwa sababu siku zote aliyekuwa akiponya watu ni hadubini. Anayekupaka dawa bila hadubini ataunguza nyama nzima na mbovu kwa pamoja, kovu litaziba juu, na chini yake hakuna atakayejua kilichobaki mpaka mfupa uanze kuuma.

Nimelisimulia hilo kwa sababu swali la kuipima kila njia uliyopewa limo humo humo: tutajuaje kwamba imeisha? Wewe ni fundi. Ukiletewa kitambaa kilicholiwa na nondo, hukati tundu peke yake, unakata na sehemu nzima inayolizunguka, kisha unanyoosha ukingo kwenye mwanga kuhakikisha hakuna uzi uliooza. Daktari naye hufanya hivyo hivyo. Hukata saratani pamoja na milimita kadhaa za ngozi iliyo nzima, na maabara hutazama kingo za pembeni na za chini. Wakiandika kwamba kingo ni safi, kazi imekwisha. Wakiandika kwamba ukingo una seli za saratani, mtu hurudishwa chumba cha upasuaji.

Tuanze na mionzi, kwa kuwa ndiyo inayovutia kwa kutokuwa na kisu. Hospitali ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza hutoa tiba hii, na kwa saratani nyingi ni tiba ya maana sana. Kwa kidole chako nina mashaka nayo, nami nitayasema wazi. Kwanza, baada ya mionzi hakuna kipande cha kupima, kwa hiyo hatutazami kingo, tunasubiri tuone. Pili, ngozi ya kidole iko juu ya kano na mfupa bila mafuta ya kuikinga, na mionzi huifanya miaka inavyokwenda kuwa nyembamba, kavu, yenye kidonda kisichopona upesi, na kiungo hukakamaa. Kwa mzee wa miaka 85 jambo hilo huenda lisimfikie. Wewe una miaka 52, na tunatarajia ushone miaka mingi bado. Tatu, saratani ikirudi mahali palipokwisha kupigwa mionzi, kwa kawaida hapapigwi tena, na mpasuaji hukuta ngozi isiyopona vizuri, hivyo hulazimika kukata juu zaidi kuliko angekata leo. Vidole na mionzi vina ukoo wa zamani: Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akijaribu mitambo ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe, akaota saratani mikononi, akakatwa kwa awamu, na akafariki mwaka 1904. Mionzi ya leo hupimwa na kuelekezwa kwa uangalifu, na siwezi kuilinganisha na hiyo, lakini ngozi ya kidole ni ileile. Mionzi ina nafasi ya kuongezwa baada ya upasuaji pale saratani inapofuata neva, au mgonjwa anapokataa kabisa upasuaji baada ya kuelewa.

Kukatwa kwenye kiungo cha mwisho ni njia yenye sura mbaya kuliko ilivyo. Hufanyika kwa sindano ya ganzi shinani mwa kidole, ukiwa macho, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kidonda hushonwa, na kwa kawaida hufunga ndani ya wiki mbili hadi tatu. Kwa mwenye sukari huenda zikaongezeka. Ukingo wa chini hauna shaka kwa kuwa mfupa wenyewe umeondoka. Unachopoteza ni kucha na ile nyama ya ncha ambayo kwayo unahisi uzi, unaokota pini na kusukuma kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Wengine hubaki na maumivu ya neva kwenye ncha, au kidole kinachouma wakati wa baridi. Lakini mkono wa binadamu una hekima: kidole cha shahada kikifupishwa, gumba huanza lenyewe kukutana na kidole cha kati, na wengi hufanya kazi zao baada ya miezi michache bila kufikiri.

Njia ya pili, ya kuondoa kucha, shina lake na ngozi inayoizunguka hadi juu ya mfupa, kisha kupandikiza ngozi iliyotolewa kifundoni au upande wa ndani wa mkono, inakuachia urefu wa kidole, kiungo chake na nyama ya ncha. Kucha haitaota tena, na hilo ulikubali mapema. Uponaji wake ni mrefu: pandikizi hukandamizwa kwa bandeji takriban wiki moja lisisogee, na kidole huhitaji wiki sita au zaidi kabla ya kuvumilia kazi ngumu. Sukari ikiwa juu, pandikizi linaweza kufa. Kwa hiyo anza leo kuishusha, usisubiri tarehe ya upasuaji. Baadaye ngozi hiyo juu ya mfupa itakuwa na usumbufu ikigongwa, na kastabani ambayo pengine umeizoea kwa sindano ya mkono itageuka kuwa kinga ya kila siku.

Ugumu wa njia hii uko chini, kwenye zile milimita chache. Kwa hiyo ningekushauri umwombe daktari wa pili aifanye kwa awamu mbili. Siku ya kwanza aondoe sehemu yote, afunge kidonda kwa bandeji safi bila kupandikiza, na apeleke nyama maabara ikiwa imewekwa alama za juu, chini, kulia na kushoto. Majibu yakija kwamba kingo zote ni safi, ndipo apandikize. Yakija kwamba ukingo wa chini una saratani, basi mnakwenda kwenye kiungo, nawe hujapoteza pandikizi bure. Ukisoma mtandaoni utakutana na upasuaji wa Mohs, ambao hufanya kazi hiyo yote ndani ya siku moja. Vituo vinavyoutoa ni vichache. Ukiupata karibu ni heri, ukiukosa awamu mbili zitakufikisha palepale kwa kuchelewa siku kadhaa.

Kwa hiyo, mama fundi, mimi kwa maelezo uliyonipa ningechagua kuondoa na kupandikiza kwa awamu mbili, na ningetia saini mapema karatasi inayoruhusu kukata kwenye kiungo endapo kingo hazitakuwa safi. Ningebadili mawazo na kuanza moja kwa moja na kukata kama picha bora zaidi ya eksirei ingeonyesha mfupa umeguswa, kama maabara wangesema neva imefuatwa, au kama hali yako ya nauli na kazi haikuruhusu kurudi hospitali mara kwa mara. Sababu hiyo ya mwisho si ndogo, na usione aibu kuitaja mbele ya daktari. Mtu anayeishi mbali na hospitali na kulipa kila safari kutoka mfukoni anaweza kwa haki kabisa kupendelea upasuaji mmoja unaomaliza jambo.

Utakapokutana na mpasuaji, mwulize amekwisha kufanya upasuaji wa namna hii kwenye vidole vya watu wangapi, atakata milimita ngapi kuzunguka, nani atatazama kingo na baada ya siku ngapi, na kama bima yako inalipia awamu zote mbili pamoja na gharama za maabara. Kuhusu muda, hii si dharura ya kesho, bali ni ya wiki chache. Usingoje msimu wa sare za shule uishe. Tafuta kijana wa kukushikia cherehani, maliza oda ulizopokea fedha, usipokee nyingine.

Baada ya matibabu, yoyote utakayochagua, utaonwa kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya kwanza, kwa kuwa ikirudi mara nyingi hurudi katika muda huo, kisha kwa nafasi zaidi. Wewe mwenyewe jipapase kwapani mara moja kwa mwezi unapooga. Na kwa sababu ya kirusi nilichokitaja, kidole kingine kikiota chunjua pembeni mwa kucha, kisiunguzwe na mtu yeyote kabla kinyama hakijapimwa.

SWALI LA PILI

Daktari, baba yetu ana miaka 68, ni mstaafu wa bandari. Kucha ya gumba la mkono wa kushoto ilikuwa na mstari mweusi kwa miaka, ukapanuka, weusi ukaingia kwenye ngozi ya shina la kucha. Majibu ya maabara ni melanoma, unene milimita 1.8. Daktari anataka kukata gumba kwenye kiungo. Kaka yangu anasema iondolewe kucha tu. Ami yetu anataka kiwanja kiuzwe apelekwe India. Tufanyeje?
Kijana wa Mombasa

JIBU

Kijana wangu, mpe pole mzee. Yale niliyomwambia mama fundi hapo juu msiyahamishie kwa baba yenu, kwa sababu huu ni ugonjwa mwingine wenye tabia nyingine, ingawa mahali ni palepale. Melanoma huanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na huhama mapema. Kwa watu weusi ni nadra, lakini inapotokea hupenda nyayo, viganja na kucha, mahali ambapo wengi wetu hatuna desturi ya kupatazama.

Niwatulize wasomaji wengine kwanza: mstari mweusi kwenye kucha kwa mtu mweusi ni jambo la kawaida kabisa, hasa ukiwa kwenye kucha kadhaa. Unaotia shaka ni ule ulio kwenye kucha moja, unaopanuka, na hasa weusi unapomwagika kwenye ngozi ya pembeni au ya shina, dalili aliyoieleza daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson mwaka 1886. Baba yenu alikuwa nayo.

Katika melanoma, unene ndio unaoamua. Ingekuwa bado katika tabaka la juu peke yake, kaka yako angekuwa na hoja, kwani siku hizi wapasuaji wengi huondoa kucha na ngozi yake na kuacha kidole. Kwa milimita 1.8, mpasuaji anatakiwa kuacha nafasi ya sentimita moja hadi mbili kuzunguka saratani, na chini ya kucha ya gumba hakuna nafasi hiyo bila kukutana na mfupa. Wengi wenu mnajua habari za Bob Marley, aliyegunduliwa melanoma chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Alikataa kukatwa kidole, akaondolewa kucha na kupandikizwa ngozi, na akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Siwezi kusema kwamba kukatwa kungemwokoa, maana huenda ugonjwa ulikuwa umekwisha kuhama. Nasema tu kwamba kaka yako asiichukulie njia hiyo kuwa ndogo na salama.

Wanaokadiria ulemavu kwa ajili ya fidia huhesabu gumba kuwa asilimia 40 ya kazi ya mkono, ndiyo maana neno "kukata gumba" linatisha. Lakini kiungo anachokitaja daktari wenu ni kile cha karibu na kucha. Nusu ya gumba inabaki, na mzee ataweza kushika kikombe, kufunga vifungo na kushika msahafu au jembe. Zamani walikuwa wakikata hadi shinani. Ilionekana kwamba kukata juu zaidi hakumwongezei mgonjwa uhai. Mtu akipendekeza kumkata zaidi ya kiungo hicho, mwombeni sababu.

Kuhusu kiwanja, upasuaji wenyewe si wa ajabu na unafanyika Kenya. Fedha mlizonazo ziende kwanza kwenye vipimo vya kujua kama imehama: picha za kifua na tumbo, na kipimo cha tezi ya kwanza ya kwapa inayopokea majimaji kutoka kwenye gumba, ambacho kwa unene huu kinapendekezwa na hufanywa siku moja na upasuaji. Ikikutwa imefika kwenye tezi, ndipo mazungumzo ya dawa za kuamsha kinga ya mwili yatakapoanza. Hizo ni ghali, nazo hutolewa kwa miezi mingi, na hapo ndipo kiwanja kitakapohitajika, kama kitahitajika. Kukiuza leo kwa ajili ya tiketi za ndege ni kumaliza akiba kabla ya kujua ugonjwa umefika wapi. Mwambieni ami kwa heshima zote. Amesukumwa na mapenzi.

SWALI LA TATU

Daktari, mimi ni mwalimu mwenye ualbino, miaka 29, niko Mwanza. Migongo ya vidole vyangu ina magamba magumu saba au nane, na moja limekuwa kidonda kisichopona mwezi wa tatu sasa. Je, yote yakatwe?
Mwalimu

JIBU

Hapana, Mwalimu, yasikatwe yote. Hicho kidonda kikatwe kinyama wiki hii kama inawezekana, kwa sababu kwa mwenye ualbino kidonda cha miezi mitatu kwenye ngozi iliyopigwa na jua huhesabiwa kuwa saratani hadi maabara iseme vinginevyo. Kikithibitika, kiondolewe kwa upasuaji. Mgongo wa kidole una ngozi inayovutika kiasi, tofauti na pembeni mwa kucha, na kazi huwa rahisi kuliko ya mama fundi. Hayo magamba mengine yaelekea ni madoa ya jua ambayo bado hayajawa saratani, nayo ndiyo yanayofaa kugandishwa au kupakwa krimu ya fluorourasili kwa wiki kadhaa. Krimu hiyo hufanya ngozi iwe nyekundu na kuwasha. Usiiache njiani kwa kudhani imekudhuru. Ukipaka vidole vingi kwa pamoja hutaweza kushika chaki, basi panga na daktari uanze na mkono mmoja wakati wa likizo.

Krimu ya kukinga jua inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino huenda unaitumia usoni, na naipongeza. Mikono husahaulika kwa sababu tunainawa: kila unaponawa, krimu imeondoka. Weka kopo moja kwenye meza ya ofisi, upake upya kila baada ya kunawa, na kwenye gwaride la asubuhi vaa glavu nyepesi za pamba, hata wanafunzi wakicheka wiki ya kwanza.